Chupa Iliyobaki Imejaa: Kisa cha Simbilisi Watatu na Safari ya Msiba

Kabla ya kisa

Nimeondoa majina, mtaa, shule na wilaya ya msiba. Siku za wiki nimeziacha kama zilivyokuwa, maana bila hizo kisa hakifuatiki. Mwalimu mwenye nyumba amelisoma andiko hili kabla halijatoka. Bibi, jirani yake, amesomewa na mjukuu wake na akanisahihisha mahali pawili. Mimi ni afisa mifugo. Mtaani wananiita bwana mifugo. Nimo ndani ya kisa chenyewe, na si kila nilichofanya nilikifanya vizuri.

Usuli

Familia inaishi Manispaa ya Kigoma-Ujiji: baba, mama ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, imeezekwa kwa bati. Vyumbani kuna dari, stoo haina.

Wana simbilisi (guinea pig) watatu: dume mweupe, jike wa kijivu na jike mdogo wa kahawia. Waliletwa na mjomba kutoka Njombe. Kule Nyanda za Juu Kusini simbilisi ni kitoweo cha kawaida, mtoto wa kule hashangai kumkuta jikoni akitafuta maganda. Huku kwetu wengi wakimwona husema ni panya, na neno hilo lina sehemu yake katika yaliyotokea. Pamoja nao yupo sungura mmoja, jike mkubwa, mwenye kizimba chake.

Siku za kawaida vizimba vinakaa barazani nyuma ya nyumba. Binti huwakatia ukoka asubuhi, jioni wanapata majani ya matembele, kipande cha hoho au pera, na pumba za mahindi kiganja kimoja. Simbilisi wananywa kwenye chupa ya soda ya nusu lita iliyoning'inizwa kichwa chini, yenye mrija wa chuma na gololi ndogo mwishoni. Mnyama akiilamba gololi, tone linashuka. Sungura ana chungu cha udongo, kile kizito cha kupikia maharage, kilichovunjika ukingo. Miguu ya meza na ya kizimba cha sungura imesimamishwa ndani ya makopo yenye oili chafu, kwa sababu ya siafu. Mpangilio huo baba aliuanza baada ya mvua za mwaka uliotangulia, walipopoteza vifaranga usiku mmoja.

Nasema haya yote ili ieleweke kwamba hawa si watu wazembe. Wanyama wao walikuwa na hali nzuri kuliko wengi ninaowaona kazini.

Siku zilivyokwenda

Jumanne ya mwezi Novemba, saa 3 usiku, simu iliingia: mama mzazi wa baba amefariki, upande wa Tabora. Mazishi kesho yake baada ya alasiri. Basi linaondoka alfajiri. Katika saa zile chache baba alitafuta nauli, Mwalimu alimpigia mwalimu mkuu kuomba ruhusa, nguo zikafungwa, watoto wakalazwa na kuamshwa. Wanyama walipata dakika 20, saa 5 usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu.

Vizimba viliingizwa stoo, kwa kuhofia wezi na paka. Cha simbilisi kiliwekwa juu ya meza, kikaegemea ukuta wa magharibi. Cha sungura ni kizito, kikaishia karibu na mlango. Baba hakusahau makopo yake manane. Chupa ilijazwa. Bombani maji hayakuwepo, yakachotwa ya chini kabisa kwenye pipa la mvua. Simbilisi wakaongezewa bakuli la plastiki la maji. Pumba zikamwagwa karibu nusu debe. Majani yalikatwa gizani, yakiwa na maji ya mvua ya jioni, yakarundikwa kwenye kona ya kizimba mpaka yakafika kiunoni mwa wavu. Dirisha likafungwa.

Saa 10 alfajiri Mwalimu alimgongea Bibi, mwenye miaka sitini na kitu, muuza mawese, jirani wa miaka mingi. Akamkabidhi ufunguo wa mlango wa nyuma. Maneno yenyewe, kama wote wawili walivyonisimulia, yalikuwa haya: "Bibi, chakula kipo cha kutosha. Ni kuangalia tu kama maji yapo. Jumamosi tumerudi." Bibi akajibu, "Nendeni salama, mwanangu, hiyo si kazi." Kazi akampa mjukuu wake wa darasa la sita.

Kijana alikwenda kila jioni. Jumatano alikuta bakuli la plastiki limepinduliwa. Akadhani ndivyo linavyokaa, akaliinua, akalijazia pumba. Chupa ilikuwa imejaa. Chungu cha sungura kilikuwa kimeshuka, akakiongeza.

Alhamisi usiku ilinyesha mvua kubwa, na siafu wakatoka. Waliingia banda la kuku la Bibi wakamaliza vifaranga wanne. Ijumaa kijana alipokwenda stoo alikuta makopo mawili yana siafu waliozama kwenye oili, weusi tii kama majani ya chai. Juu hawakufika. Siku hiyo hiyo alimwona yule wa kahawia amejikunja kona, manyoya yamesimama, hasogei hata akiguswa na ujiti. Akaenda kumwambia Bibi.

Saa chache baadaye Mwalimu akapiga simu. Mazungumzo yalikuwa mafupi:

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Habari za hapo?"

"Nzuri tu."

"Na wale wanyama?"

"Hawajambo. Maji yao bado yamejaa."

"Haya, Bibi, ahsante sana. Sisi tutachelewa. Wazee wanataka hitima isomwe Jumanne, dada wa mbali awe amefika."

Mtandao ukakata. Mwalimu aliniambia alishusha pumzi: maji yamejaa, kumbe hawajanywa hata yote, basi wako vizuri.

Mimi niliingia Jumamosi jioni kwa bahati tu. Nilikwenda kwa Bibi kumwangalia mbuzi aliyekuwa akichechemea. Wakati naosha mikono, kijana akasema kama mtu anayesimulia habari za mtu mwingine, "Bwana mifugo, simbilisi akikaa siku mbili hali, anaumwa?"

Nilichokuta

Mlango ulipofunguliwa, joto lilitupiga usoni kama la mlango wa tanuri la mikate. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 33, na hapo jua lilikuwa limeshaanza kuteremka kuelekea ziwani. Harufu ilikuwa ya mkojo uliokaa, na chini yake kitu kingine kama pombe ya kienyeji siku ya pili. Niliingiza mkono kwenye lile rundo la majani. Katikati lilikuwa la moto. Majani mabichi yakirundikwa yakiwa na maji huchacha yenyewe na kutoa joto, na hapo yalikuwa yameshaota utando mweupe. Simbilisi walikuwa wamelikimbia wote watatu, wamebanana upande wa pili.

Chupa ilikuwa imejaa hadi shingoni.

Nikaibonyeza gololi kwa kidole. Haikusogea. Nikaitikisa chupa, hata tone. Nilipoufungua mrija nikakuta chembe tatu za mchanga na unga wa kutu, vimekaa kati ya gololi na ukingo wa chuma, vidogo kuliko kichwa cha pini. Ni yale maji ya chini ya pipa. Nilipovifuta kwa kona ya shati na kurudisha mrija, dume aliruka juu ya mgongo wa mwenzake kuifikia. Alilamba bila kupumzika mpaka nikamwondoa mwenyewe, nikihofia atajaza tumbo kwa mkupuo.

Sakafuni nilitafuta kinyesi. Simbilisi mzima huacha punje nyingi mno kwa siku, nene, zenye umbo la haragwe dogo. Mle ndani mlikuwa na punje chache za karibuni, nyembamba, zilizochongoka, zinavunjika mkononi kama kaa la mkaa lililoungua likaisha. Yule wa kahawia masikio yake yalikuwa ya baridi katika chumba kile cha moto, tumbo limekaza kama ngoma. Ukimvuta ngozi ya mgongo, ilibaki imesimama.

Mita moja na nusu pembeni, sungura alikuwa akitafuna.

Usiku wa Jumamosi

Tulivitoa vizimba barazani, tukatundika gunia lililoloweshwa upande wa upepo. Rundo tukalitupa. Kijana alikimbia kukata ukoka akarudi na wa kutosha mbuzi. Dume na kijivu walianza kula ndani ya robo saa.

Yule wa kahawia nilimpa 20 ml za maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo, baada ya kuyapasha joto kwenye viganja. Kisha kila nusu saa matone ya maji ya chumvi na sukari, yale ya pakiti wanayopewa watoto wanaoharisha, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele. Ukimwagia katikati, yanaingia kwenye mapafu. Baadaye nikajaribu majani yaliyosagwa laini na kulainishwa kwa maji. Alimeza mara tatu, mara ya nne akaacha yatoke.

Bibi alikuja na kidonge cha rangi mbili cha amoksilini kilichobaki mjukuu alipokuwa na kikohozi. Nilikikataa kwa haraka iliyomshtua. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa simbilisi huua bakteria wazuri wa utumbo na kuwaachia nafasi wabaya. Mnyama aliyekuwa anaumwa kidogo anaweza kufa kwa kuhara siku chache baadaye. Mtoto utampa kwa kipimo cha daktari, simbilisi hapana. Hili nimelieleza mara nyingi mtaani na bado nakuta vidonge vimekorogwa kwenye maji yao.

Nilimweka peke yake kwenye boksi lenye kitambaa ili nihesabu punje zake. Usiku kucha alitoa mbili.

Matokeo

Alikufa Jumapili alfajiri, adhana ya kwanza ikisikika. Nilimfungua. Tumbo lilikuwa limejaa pumba kavu zilizoshikana kama unga uliokandwa ukasahauliwa, na utumbo mpana umevimba kwa gesi. Simbilisi hawezi kutapika. Kilichoingia kina njia moja tu ya kutoka, na njia hiyo haisogei bila maji na majani.

Dume alipona ndani ya siku mbili. Yule wa kijivu alikuwa na mimba, jambo ambalo hakuna aliyelijua, nami sikulipapasa mpaka Jumapili mchana. Wiki tatu baadaye alizaa wawili, mmoja akiwa amekufa. Kama ni kwa sababu ya siku zile au la, siwezi kuapa.

Sungura hakuwa na tatizo lolote.

Familia ilirudi Jumatano. Mwalimu alishuka kwenye bajaji na dumu la lita 5 la asali ya Tabora kwa ajili ya Bibi. Habari za kifo alikuwa nazo tangu Jumapili mchana, nilipompigia. Bibi aliikataa asali. Alisimama mlangoni na khanga kichwani, akasema, "Mwanangu, nimekuulia mnyama, halafu ninywe asali?" Dumu lilibaki kwenye ngazi mpaka jioni, likaingizwa na mjukuu. Binti yeye alitaka kujua jambo moja: mwenzao alikufa kwa njaa? Nilimwambia hapana, chakula kilikuwepo mpaka siku ya mwisho. Akaniangalia kama mtu anayedanganywa.

Maamuzi na sababu zake

Kutowachukua safarini ulikuwa uamuzi sahihi. Kutoka Kigoma hadi Tabora kwa barabara ni zaidi ya kilomita 400 ukipita Uvinza, Kaliua na Urambo. Boksi la simbilisi lingekaa kwenye buti ya basi pamoja na magunia, au mapajani katikati ya watu. Na huko mwisho ni nyumba ya msiba, iliyojaa watoto wa ndugu na mbwa.

Kutowapeleka kwa Bibi kulikuwa na sababu pia: ana paka wawili. Kuwaingiza ndani badala ya kuwaacha barazani kulitokana na hofu ya kweli. Wezi wa kuku wapo, na nyumba yenye msiba inajulikana kuwa tupu.

Ilipoharibika ni katika kuchagua chumba gani, ukuta upi na dirisha liwe vipi. Stoo isiyo na dari, chini ya bati, ukuta unaopigwa na jua la alasiri, dirisha limefungwa. Simbilisi hatoi jasho. Joto likipita nyuzi 30 au karibu yake anaanza kuhangaika, na asipokuwa na maji hana pa kukimbilia. Koridoni kulikuwa na dari na sakafu ya saruji iliyopoa. Nilipomuuliza baba kwa nini hakuwaweka pale, alijibu, "Harufu." Saa 5 usiku, mama yako amefariki, unawaza wageni watakaokuja kutoa pole wakanusa mkojo wa simbilisi. Namwelewa kabisa.

Nusu debe la pumba nalo lilitoka kwenye upendo. Mtu anayeondoka hujaza. Ila pumba kwa simbilisi ni nyongeza tu. Chakula chake ni majani, saa 24, kwa sababu meno yake hayaachi kukua na utumbo wake hautakiwi kusimama. Ingekuwa heri Bibi angeachiwa panga na maelekezo ya mahali ukoka ulipo, kisha kiganja kimoja cha pumba kwa siku. Ukoka mbichi wenyewe una maji mengi. Kama ungeletwa kila jioni, hata chupa iliyoziba isingeua.

Uchambuzi: chupa

Simbilisi mzima mwenye kilo moja anahitaji maji kama ml 100 kwa siku, zaidi kukiwa na joto, pungufu akila majani mabichi mengi. Hawa watatu kwa pamoja wangetaka ml 200 na zaidi. Chupa yao ni ml 500. Hesabu ya darasa la tatu: Ijumaa jioni ilipaswa kuwa tupu, na kwa kweli hata ikifanya kazi isingefika Jumamosi waliyopanga kurudi. Chupa iliyojaa siku ya tatu ilikuwa ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa, na ilijulikana na watu wawili, ikaripotiwa kwa simu, ikapokelewa kwa shukrani.

Sungura ananisaidia kulisema hili kwa uhakika. Alikaa stoo ile ile, akiangaliwa na kijana yule yule, siku zile zile. Alikuwa karibu na mlango, kwenye upepo unaopita chini, hilo lilimsaidia. Lakini kikubwa ni chungu chake. Chungu kizito hakipinduki. Chungu kinaonyesha: maji yakishuka, ukingo wa udongo unabaki na rangi ya unyevu, na mtoto wa darasa la sita anaongeza bila kuambiwa. Kijana aliitikia kila alichokiona kikipungua. Chupa haikupungua, kwa hiyo haikumwambia lolote.

Siwapigi vita wanaotumia chupa. Ni safi kuliko bakuli, ambalo simbilisi huligeuza choo kabla ya saa sita usiku. Ila ziwe mbili, na kila anayezitazama azibonyeze gololi mpaka kidole kilowe.

Watu hupenda kuniuliza kuhusu vitamini C, kwa kuwa wamesikia simbilisi haitengenezi mwilini, kama sisi tusivyoitengeneza. Ni kweli, na ndiyo maana pera na hoho ni muhimu kwao. Lakini upungufu wake huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Katika wiki hii moja haukuhusika kabisa. Nataja tu kwa sababu Mwalimu alijilaumu sana kwa kutoacha mapera.

Uchambuzi: "nzuri tu"

Hapa ndipo nimekaa zaidi, kwa sababu mrija unafutwa kwa kona ya shati, hili halifutiki hivyo.

Ukimuuliza Mswahili habari, atakujibu nzuri. Anaweza kuwa ametoka kulazwa, ameibiwa baiskeli, na bado "nzuri" ndiyo itatangulia, halafu "ila". Habari yenyewe inakaa baada ya "ila". Sote tunalijua hilo, ndiyo maana hatuagani kabla ya kusikia ya pili. Ijumaa ile "ila" haikupata nafasi. Mtandao ulikata, na hata usingekata, Bibi alikuwa hajakusudia kuifikisha. Nilipomuuliza alinijibu, na hapa namnukuu kwa ruhusa yake: "Ningesemaje? Mtu amekaa mkekani, amezika juzi, nimpigie kumwambia panya wake kanuna?"

Sioni kosa la adabu katika jibu hilo. Bibi alipima msiba wa mama na mnyama wa kona, akachagua kama ambavyo wengi wetu tungechagua. Na neno panya lilikuwa limeshapunguza uzito wa jambo kabla hajalipima. Tatizo ni kwamba aliachiwa yeye kupima. Alipokabidhiwa ufunguo hakupewa kibali. Hakuambiwa, "Ukiona hivi, mwite bwana mifugo, usituulize." Na kulikuwa na jambo la pili alilolisema kwa sauti ya chini: Ijumaa aliwaza kuniita, akajiuliza nani atalipa. Mtu mzima hawezi kumfungulia jirani deni kwa ajili ya panya. Noti moja ya 10,000 iliyoachwa mezani pamoja na ufunguo ingenileta stoo siku moja kabla. Siku moja kwa simbilisi ambaye hajala ni muda mrefu. Nusu siku tu bila kula inatosha kuanza kuhangaika.

Mwalimu naye aliuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa limeshaandikwa. "Na wale wanyama?" linaomba "hawajambo". Tangu hapo nawaambia wateja wangu waulize vitu ambavyo adabu haina jibu lake la kukariri. Chupa imeshuka vidole vingapi tangu jana? Choo chao ni kikubwa au kidogo? Nani alikuja mbele ulipofungua mlango, nani alibaki nyuma? Bibi asingeweza kujibu "nzuri tu" kwa vidole.

Tena kijana ndiye aliyekuwa macho ya nyumba, na hakuna aliyezungumza naye. Alijua simbilisi yupi hali, tangu lini, na alikaaje. Habari ilipita kwa Bibi, ikatolewa miiba, ikafika Tabora ikiwa laini.

Kilichofanya kazi

Makopo ya oili. Sina la kuongeza. Siafu wakimkuta mnyama huru atakimbia. Wakimkuta ndani ya wavu hawaachi kitu. Gharama yake ni oili ya kuomba kwa fundi pikipiki.

Kijana kwenda kila siku bila kukosa, hata siku ya mvua, ndiko kulikookoa wawili waliobaki. Wapo watu wazima wanaolipwa ambao wangeruka Alhamisi.

Makosa yangu

Kumtenga yule wa kahawia. Nilitaka kuhesabu punje, na hesabu hiyo ina maana kitabibu. Lakini simbilisi ni wa kundi. Mgonjwa akimwona mwenzake anatafuna, mara nyingine hutafuna. Leo ningemwacha na yule wa kijivu na kuwatenganisha kwa wavu tu. Sidhani angepona, tumbo lilikuwa limeshafika mbali. Ila nilimnyima.

La pili linanikera zaidi. Jumamosi usiku nilikuwa na namba ya Mwalimu kwenye simu. Sikupiga. Nilijiambia nisubiri niwe na habari kamili, nisimsumbue mfiwa usiku. Yaani lile lile la Bibi, na mimi nikiwa sina hata kisingizio cha kutojua uzito wa jambo. Mwalimu alipoambiwa Jumapili hakulia. Aliuliza tu, "Tangu lini?" nami nikajikuta nahesabu siku kwa sauti.

Safari ya arobaini

Mwishoni mwa Desemba walirudi Tabora kusoma arobaini, siku nne. Dumu la asali lilishamalizwa nyumba zote mbili. Safari hii vizimba vilikaa koridoni, dirisha la juu wazi lenye wavu. Chupa mbili, zimechorwa mistari kwa kalamu ya wino mzito, na chungu cha pili, kipya, ambacho binti alikichagua mwenyewe sokoni. Mezani bahasha yenye 10,000, namba yangu juu yake. Maelekezo yalitolewa siku mbili kabla, mchana, kizimba kikiwa wazi, na aliyepewa ni kijana. Bibi alikaa kwenye kigoda akisikiliza. Alipoulizwa kama ana swali alisema analo moja: akiita bwana mifugo halafu mnyama akawa hana kitu, hiyo hela inarudi? Mwalimu akasema hairudi, na hakuna atakayeuliza.

Jioni ya kwanza Mwalimu alipokea meseji kutoka kwenye simu ya Bibi. Alinitumia, ninayo mpaka leo:

"Shkamoo mwl. chupa ya 1 imeshuka vidole 3 ya 2 kidole 1 nimebonyeza zote zinatoka. choo kingi kikubwa. kijivu kala pera lote. mtoto kapanda juu ya chungu. dume kanuna ila anakula"